Seva ikipiga simu saa nane usiku, nani anapokea?

Mama mmoja mwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa Njiro, alinisikiliza kwa subira nilipokuwa namweleza faida za programu za kufuatilia mifumo ya kompyuta. Nilipomaliza akaniongezea chai, akasema: "Mwanangu, mtandao ukikatika sihitaji mashine ya kuniambia. Nasikia kelele za watu wangu mpaka huku ndani."

Nilicheka, lakini hoja yake si ya kubezwa. Ofisi ya watu kumi na wawili, seva moja chini ya meza, ruta mbili na printa inayokwama kila Jumatatu, hiyo inajifuatilia yenyewe kwa kelele. Kitu kikiharibika, aliyekuwa akikitumia analalamika papo hapo, tena bure. Kwa nini basi mtu alipe leseni kwa dola, kila mwezi, kwa kila kifaa?

Nikamuuliza: "Na usiku, mama, nani anapiga kelele?"

Hapo ndipo biashara ya utalii inapoachana na duka la vifaa pale soko la Kilombero, hapahapa mjini. Mteja wa duka yuko Arusha, analala tunapolala. Mgeni wa safari yuko New York, na saa nane usiku kwetu kwake ni saa moja jioni, wakati wa kiangazi chao. Ametoka kazini, amekaa na mkewe, wanapanga kwenda Serengeti mwakani. Fomu ya kuomba bei ikigoma dakika hiyo, hatapiga simu kulalamika. Atafungua tovuti ya kampuni nyingine, pengine ya jirani wa huyu mama. Asubuhi ofisi inafunguliwa, mtandao upo, wote wana furaha, na hakuna anayejua kilichopotea.

Ndiyo maana sipendi ahadi za asilimia wanazotoa wauzaji wa huduma hizi. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99.9 bado unaweza kuzimika kwa jumla ya karibu saa tisa kwa mwaka. Saa hizo zikiangukia Aprili, masika yamepamba moto na magari yamepaki, nani atajali? Zikiangukia usiku wa Januari, watu wa Marekani wakiwa ndani kwa baridi wanapanga likizo, ni hadithi nyingine. Asilimia haikuambii ni saa zipi.

Programu zenyewe hazina uchawi. Zinafanya kazi ya mlinzi wa zamu anayezunguka na tochi: kila baada ya dakika moja au tano zinagonga kila mlango na kuuliza, upo? Diski imejaa kiasi gani? Betri ya UPS, kile kifaa cha umeme wa akiba, imebaki na dakika ngapi? Baadhi yake, kama Zabbix na Prometheus, hulipii leseni kuzitumia. Unalipa kwa muda wa fundi wako, na muda huo si mdogo. Kisha kuna upande wa kujiendesha: unaandika maelekezo mara moja, chombo kama Ansible kinayatekeleza kwenye mashine hamsini kwa mpangilio uleule, bila kusahau ya arobaini na tisa kwa sababu ni Ijumaa jioni.

Faida naiona zaidi kwenye kambi na loji za porini. Kutoka hapa mjini hadi katikati ya Serengeti ni safari ya gari inayomaliza karibu siku nzima, kwa kupitia Karatu na Ngorongoro. Kumpeleka fundi kule akakute swichi ya mtandao ilihitaji kuzimwa na kuwashwa tu, ni mafuta, posho na siku mbili zimeenda. Kifaa kinachokuonyesha ukiwa Arusha kwamba betri za sola zilishuka saa kumi alfajiri, na kinachozima seva taratibu kabla umeme haujaisha, kinarudisha gharama yake mapema.

Hata pale ambapo huna la kufanya, kujua kuna thamani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Hakuna fundi wa Arusha anayeweza kuunga waya chini ya Bahari ya Hindi. Lakini aliyeona kwenye skrini yake kwamba mtandao wa ndani ni mzima na tatizo liko nje kabisa, aliacha vifaa vyake vilivyo. Asiye na cha kumwonyesha alianza kuchomoa nyaya, kufuta mipangilio ya ruta, na Jumatatu akawa na matatizo mawili.

Sasa upande wa pili, ambao mimi niliujua kwa aibu. Niliwahi kusimamia mifumo ya kampuni moja mjini, jina nitaliacha. Niliweka programu ya ufuatiliaji kwa shauku ya mgeni wa jambo, nikaiambia inijulishe kila kitu. Umeme ukikatika kwa sekunde tatu, swichi inapiga kelele, kamera nne zinapiga kelele, printa nayo haikubali kubaki nyuma. Wiki ya kwanza haijaisha, simu yangu ilikuwa na jumbe zaidi ya mia nne. Nikafanya wanachofanya wengi: nikatengeneza kanuni ya kuzihamishia jumbe zote kwenye folda moja, nizisome nikipata nafasi.

Jumamosi moja ya Agosti, wageni wako nje kwenye magari na madereva wanasubiri vocha za hoteli, mfumo wa bukingi ukasimama. Diski ilikuwa imejaa. Nilipofungua ile folda nilizikuta zimepangana vizuri kama shanga: asilimia 80, asilimia 85, 90, 95, siku kumi na moja mfululizo. Bosi akaniuliza, "Kwani hukuambiwa?" Nilikuwa nimeambiwa kila siku.

Kasoro ile haikuwa ya programu. Ningeielekeza kwamba ruta ikizimika isilie kwa ajili ya vifaa vyote vilivyo nyuma yake, na kwamba umeme kukatika kwa sekunde tatu si habari, ningebakiwa na jumbe mbili tatu kwa wiki, na ya diski ningeiona. Wauzaji wanakuonyesha dashibodi yenye rangi. Kazi yenyewe, ya kuamua kipi kinastahili kumwamsha mtu, hawakuonyeshi, kwa sababu hiyo haiuzwi.

Walio wakubwa kuliko sisi wamejikwaa palepale. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 injinia wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu duniani, alifuta kwa makosa data za hifadhidata kuu, akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokimbilia nakala rudufu, wakagundua kwamba kati ya njia tano walizoziweka hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyopaswa. Kazi moja ya kila siku ya kutengeneza nakala ilikuwa ikishindwa kimyakimya, na barua pepe za kuripoti kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua, kwa hiyo hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni kopi ambayo mmoja wao aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla ya ajali hiyo, kwa sababu nyingine kabisa. Data za saa hizo sita zikapotea moja kwa moja.

Kinachonitisha zaidi ya kelele ni ule mtindo wa "ikizidiwa, ijiwashe upya". Unapendeza. Seva inajaa kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) saa tisa usiku, inajizima, inajiwasha, asubuhi skrini ya ufuatiliaji ni kijani tupu. Lakini ni sawa na kumpa mtoto Panadol kila homa ikipanda bila kumpeleka kupima malaria. Kuna seva ninayoijua iliyokuwa ikijiwasha kila usiku kwa miezi, na kila mtu akiisifu kwa uimara.

Tena mkono unaofanya kazi haraka hukosea haraka vilevile. Tarehe 19 Julai 2024, sisi tukiwa katikati ya msimu wa wageni, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilisambaza sasisho lenye kasoro, likaingia lenyewe kwenye kompyuta za Windows takribani milioni 8.5 na kuziangusha. KLM, ambayo ndege zake hutua KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ililazimika kusimamisha sehemu kubwa ya safari zake. Sasisho lilienda kwa kasi ya umeme. Kulirekebisha kulihitaji, kwenye mashine nyingi, mtu asimame mbele ya kila moja. Na Desemba 2020 iligundulika kwamba Orion, programu ya SolarWinds ya kufuatilia mitandao, ilikuwa imepenyezwa na wadukuzi kupitia masasisho yaliyopakuliwa na wateja wapatao 18,000. Mlinzi mwenye funguo za vyumba vyote akirubuniwa, mwizi hana haja ya kuvunja dirisha.

Kuhusu ajira, naona wasiwasi unaelekezwa pasipo. Kampuni nyingi za hapa zina kijana mmoja wa IT ambaye pia ndiye fundi wa kamera na wa mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Huyo hatafukuzwa na Zabbix. Atapata muda wa kula. Anayeguswa ni fundi wa nje anayelipwa kwa kila anapoitwa, na tuseme ukweli, mkataba wa namna hiyo haumpi sababu ya kutamani vitu visiharibike. Ninaowaonea huruma ni vijana wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka Chuo cha Ufundi na Chuo cha Uhasibu. Mtafiti Lisanne Bainbridge aliandika mwaka 1983 kwamba mashine ikishika kazi nyepesi, binadamu anabakiwa na zile ngumu, huku amepungukiwa na mazoezi. Kijana ambaye hajawahi kurejesha hifadhidata kwa mkono wake, siku mashine itakaposhindwa tutamwita afanye nini?

Halafu kuna sheria. Kumbukumbu za matukio ya mifumo zikipelekwa kwenye wingu la nje, yaani seva za kukodi zilizo nchi nyingine, zinaweza kubeba majina na namba za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti kuhusu kutoa taarifa hizo nje ya nchi. Ni vizuri kujua kabla ya kubonyeza "kubali".

Nilimshauri mama aanze na vitu vitatu tu: ukaguzi wa kutoka nje unaojaribu ile fomu ya bei kila dakika tano, UPS inayozima seva taratibu, na kila mwezi nakala moja irejeshwe kweli kwenye kompyuta ya pembeni na mhasibu afungue ankara aitazame. Ujumbe wa dharura upite kwenye laini ya simu, maana barua pepe ya kusema intaneti imekatika haiwezi kutoka. Kujiwasha upya tukakuacha kwanza.

Akafikiri kidogo. "Na ujumbe ukija saa nane usiku, unaenda kwa nani?"

"Kwa kijana wako."

"Anaruhusiwa kufanya nini bila kuniamsha?"

Tukachukua karatasi. Kuzima na kuwasha ruta, sawa. Kuhamia laini ya pili ya intaneti, sawa. Kugusa chochote cha malipo, apige simu kwanza, hata kama ni saa kumi alfajiri. Orodha ile ilituchukua muda mrefu kuliko kuweka programu yenyewe, na kwenye kipengele cha posho ya usiku ya kijana, yeye na mama bado wanavutana.