Jiwe la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Unguja kututembelea hapa Mombasa, nilitaka aone kwa macho yake kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hivi hivi. Nikaazima gari la rafiki yangu, nikapanga ziara ya siku nzima ya miji ya kale: kwanza Jumba la Mtwana, kisha Mnarani kule Kilifi, na mwisho Gede, mji uliomezwa na msitu. Naungama mapema kwamba Mnarani na Gede hatukufika.

Tulipovuka daraja la Nyali na kufika Kengeleni, nilisimamisha gari ili nianze kazi yangu ya uongozi wa watalii. Nikaeleza, kwa sauti ya mtu anayelipwa, kwamba hapa ndipo ilipoanzishwa Frere Town mwaka 1875, makazi ya watu waliokombolewa utumwani, na kwamba kengele ile iliyotundikwa kando ya barabara, kama wasimuliavyo wazee, ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kila walipoonekana wafanyabiashara ya watumwa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, baada ya huyo huyo Bwana Frere, Mwingereza ambaye Frere Town ina jina lake, kwenda kumshawishi Sultani Barghash, na kwamba kwao jambo hilo hulijua hata muuza urojo. Mke wangu, aliyeketi nyuma, akapatwa na kikohozi cha ghafla.

Jumba la Mtwana liko kilomita zipatazo 15 kaskazini ya Mombasa, ukishavuka Mtwapa, nawe huiacha barabara kuu na kushika njia inayoelekea baharini. Siku hiyo njia ilikuwa mashimo matupu, na gari lilitikisika hata nikasikia kitu kikigongagonga chini ya usukani, nami nikakipuuza, kwani gari la kuazima lina siri zake na mgeni hapaswi kuzichungulia.

Mahali penyewe ni pazuri mno. Mji huo ulistawi katika karne ya 14, ukahamwa katika karne iliyofuata, na leo zimebaki kuta za matumbawe za nyumba na za misikiti minne, mibuyu minene kama vibanda, na ule msikiti ulio karibu kabisa na maji. Karibu nao kuna kaburi lenye maandishi yanayokumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti. Mama aliyasoma kimya kimya, akamrehemu maiti, kisha akaniuliza kuhusu jina. Nikamwambia kwamba mtwana ni mtumwa mwanamume. "Hilo nalijua, baba," akasema. "Nauliza, mtwana akiwa na jumba, bwana wake alilala wapi?" Sikuwa na jibu. Jina lenyewe halimo katika kumbukumbu za kale, wala mimi simo.

Nilipogeuka nikamwona ameinama, akaokota kipande cha tumbawe ukubwa wa limau, akakijaribisha kisiginoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu wa kale, alisema, waliweka matumbawe kando ya birika la msikiti wakasugulia miguu kabla ya kutawadha, na yeye pia ana miguu. Nilipaswa kumwambia kwamba vitu vya magofu ni mali ya taifa na vinalindwa kwa sheria. Lakini ni nani aliyewahi kumsomea mama mkwe wake sheria? Badala yake nikatunga ngano papo hapo: kwamba wazee husema, aondokaye na jiwe la Jumba hafiki kwake kimya kimya, kwa maana wenye mji humfuata na kumtangaza njia nzima. Mama akanitazama kidogo. Nikaamini amelitupa.

Tulirudi barabara kuu. Nikakata kulia kuelekea Kilifi, na honi nayo ikalia.

Haikulia kwa adabu. Ilipiga yowe moja refu, mikono yangu ikiwa mbali nayo kabisa, na ikanyamaza nilipounyoosha usukani. Nikaipita tuktuk moja, ikalia tena. Kwenye kona ya kulia ikalia kwa muda mrefu hata akina mama waliokuwa wakiuza maembe wakadhani ni harusi, wakatupigia vigelegele, na mmoja akachungulia ndani kumtafuta bibi harusi, akamwona mama mkwe wangu ameukumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "geuza gari."

Nilipogeuza, honi ilipiga kelele kuliko mara zote. "Limejua linarudi," akasema. Tukakata kushoto kuingia Jumba, kimya. Akalirudisha jiwe pale pale, akaliomba radhi, akalisomea Fatiha. Tukatoka, tukakata kushoto kuelekea Mombasa, kimya. Akaniamuru niende polepole nisimpite mtu yeyote, na kwa kilomita zote zile honi haikunong'ona. Mimi mtunzi wa uongo ule nilianza kujisikia baridi mgongoni.

Pale Kengeleni, mita chache tu kutoka kwenye kengele, matatu ilisimama ghafla mbele yetu. Nikaikwepa kwa kulia.

Honi ilipokwisha, Mama alinigeukia taratibu. "Na wewe," akauliza, "umechukua nini?"

Niliapa sikuchukua kitu. Akaitazama miguu yangu. Basi nikashushwa kando ya barabara, chini ya macho ya waendesha bodaboda, nikavua viatu na kukung'uta mchanga wa Jumba, punje kwa punje, na soksi zikageuzwa nje, huku mke wangu amejifunika uso kwa mtandio na mabega yake yakitetemeka.

Kesho yake fundi wa umeme wa magari aligundua waya uliochubuka chini ya usukani, ambao uligusa chuma kila usukani ulipozungushwa kulia. Alinionyesha, nikamwonyesha Mama. Akautazama ule waya, akasema fundi naye anatafuta riziki yake.

Miezi michache baadaye nilirudi Jumba peke yangu. Chini ya mbuyu kijana mmoja alikuwa akiwasimulia wageni wake kwamba aondokaye na jiwe hapa hafiki kwake kimya kimya, na kwamba yalimfika bibi mmoja wa Unguja. Alikuwa ameongeza jini wa kike mwenye kanzu nyeupe aliyeketi juu ya boneti. Mimi jini huyo sikumtaja kamwe, ila Mama, nilipompigia simu jioni kumwuliza, alisema yeye alimwona.