Kumbukumbu za mtambo hazijui msomaji alikusudia nini
Makala moja niliyoisoma kuhusu jinsi wasomaji wanavyotafuta machapisho inadai kwamba anayeandika neno moja kwenye hifadhidata ya maktaba, akafungua ukurasa wa kwanza na kuondoka, ni mvivu wa kutafuta, na ushahidi wake ni kumbukumbu za mtambo peke yake, yaani orodha ambayo kompyuta hujiandikia ya maneno yaliyotafutwa na kurasa zilizofunguliwa. Mimi ni mkutubi hapa Mwanza na sikubaliani, kwa sababu kumbukumbu hizo huhifadhi kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Mwanafunzi wa uvuvi akiandika “dagaa” hukutana na machapisho ya Ziwa Tanganyika, ambako jina hilo ni la Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ilhali dagaa wa ziwa letu, Victoria, ni Rastrineobola argentea, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Asipolijua jina la kisayansi, kazi za majirani zinampita. Wengi niliowaona wakiondoka mapema walikuwa wameshalipata jina hilo na kwenda kuanza upya kwingine, au kifurushi chao cha intaneti kilikuwa kimeisha, jambo ambalo mtambo hauandiki popote. Ni afadhali mtafiti aketi kando ya msomaji na kumwomba aseme kwa sauti anachowaza huku akitafuta. Wakutubi wa Bukoba na Musoma, nanyi mnaliona hili?