Lile daraja lipimwe kabla ya greda kufika

Jumamosi nilishuka na futi kamba hadi kwenye daraja la tao la barabara ya zamani, huku kwetu Kibosho. Kabla sijaikunjua vizuri, mama mmoja akaniita kutoka mgombani: "Baba, umekuja kutuwekea X ya bomoabomoa?" Nikamwambia napima daraja, si barabara. Hakuniamini, na simlaumu. Huku mwenye futi kamba haleti heri.

Daraja jipya litakuja, wala silipingi. Fuso ya ndizi inapita pale kwa kuvizia. Ninachokataa ni la zamani kubomolewa halijaandikwa. Picha zipo tele, nyingi za maharusi, lakini picha haisemi tao lina unene gani kileleni wala limepanda kiasi gani kutoka linapoanzia ukingoni.

Kifaa chenyewe ni jiwe na uzi. Niliuteremsha kutoka juu ya ukuta wa pembeni, kila nusu mita, kijana wa jirani akiwa mtoni ananipigia kelele jiwe likifika usawa wa tumbo la tao. Kwa muda wa saa mbili hivi, mchoro ukapatikana.

Na tumbo hilo lina mambo! Mbao zilizoshikilia zege bichi zimeacha chapa yake: nyuzi za mti, vifundo, hata pale ubao mmoja ulipopishana na mwenzake. Kwenye ukingo mmoja zege limebanduka, nondo inaonekana, laini kabisa, haina mikunjo kama za leo. Kutu ilivimba ikasukuma zege nje. Tao lenyewe limetulia, maana mzigo unalibana, na zege halina shida na kubanwa. Kuvutwa ndiko kunakolipasua.

Kusubiri sheria ni kujidanganya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayakinga moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Monier, yule Mfaransa wa vyungu vya bustani vya saruji na chuma, mmoja wa waanzilishi wa zege la nondo, alipata hataza yake 1867! Kwa hesabu hiyo daraja la nondo haliingii humo mpaka waziri alitangaze.

Nikiwa nakunja kamba, yule mama akashuka hadi darajani, akatazama mchoro wangu kwa muda.

"Kokoto za hapa alizivunja baba mkwe wangu," akasema. "Kwa nyundo, palee, kwenye lile jiwe bapa."

Na lile jiwe nalo nikalichora.