Tani bilioni 75 za udongo, zimepimwaje?

Mjadala wa mmomonyoko wa udongo ukipamba moto lazima atokee mtu na ile namba ya tani bilioni 75 zinazopotea duniani kila mwaka, na ikishatajwa, anayeuliza zimepimwaje anaonekana mtu wa kuchelewesha mambo huku ardhi inakwisha. Mi naona hawa wanaouliza wanaonewa sana.

Namba yenyewe ilisambaa baada ya mwanasayansi wa Marekani David Pimentel na wenzake kuiandika 1995. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya 2015 ikasema bilioni 20 hadi 30 kwa mmomonyoko wa maji, halafu 2017 ikaja modeli ya kompyuta na karibu bilioni 36. Sawa, ile ya kwanza inajumlisha na udongo unaopeperushwa na upepo, ila upepo hauwezi kuziba pengo lote hilo. Na Ulaya ndo utashangaa, takwimu ya tani 17 kwa hekta kwa mwaka ilinukuliwa na huyu ikachukuliwa na yule, mpaka mtafiti wa mmomonyoko John Boardman alipofuatilia chimbuko lake na kuandika 1998 kwamba imeegemea viploti vichache, yaani vipande vidogo vya ardhi vya kupimia, vya Ubelgiji. Bara zima! Milima, mabonde, udongo wa kila aina, vyote vimebebeshwa viploti ambavyo unavizunguka kwa miguu kwa dakika chache.

Tatizo si uongo, kazi yenyewe ni ngumu. Kipimo cha shambani ni hivi: unazungushia kipande cha ardhi ukingo, chini ya mteremko unaweka tangi la kupokea maji na tope, mvua ikikatika unakoroga, unachota sampuli, unakausha, unapima uzito. Sasa mchanga mzito unazama kabla hujamaliza kukoroga, kwahiyo watu wawili wakichota tangi lilelile wanaweza kupata majibu mawili. Halafu sehemu kubwa ya udongo wa mwaka mzima huwa inaondoka na mvua kubwa chache tu, na siku ya mvua hiyo ndo tangi linafurika, yaani siku uliyokuwa unaisubiri ndo siku data inamwagika. Mradi wa miaka mitatu unaweza usiione kabisa mvua ya namna hiyo, mkaandika ripoti kwamba hali si mbaya.

Fomula maarufu ya Wamarekani ya kukadiria mmomonyoko, USLE, nayo imejengwa kwa viploti, cha kawaida kikiwa na urefu wa mita 22 hivi na mteremko wa asilimia 9. Inakadiria udongo unaochunwa juujuu na vijifereji vidogo, makorongo hayamo. Tena udongo ukitoka kwenye kiploti si lazima ufike baharini, mwingi unahamia tu bondeni. Mtafiti Stanley Trimble alionyesha hilo kwenye bonde la kijito cha Coon Creek kule Wisconsin, Marekani, udongo mwingi uliotoka mashambani ulibaki umelala kwenye mabonde yaleyale. Mwenye shamba la juu kapata hasara kweli, ila ukijumlisha kila tani iliyosogea ukaiita imepotea, hesabu inavimba.

Wanaosema tusingoje vipimo nao wana hoja nzito. Milimita 1 ya udongo kwenye hekta 1 ni kama tani 13, na milimita hiyo huioni kwa macho, kurudi kwake ni miaka na miaka. Ukisubiri mpaka uone korongo, udongo wenye rutuba ulishaondoka zamani. Marekani walipitisha sheria ya kuhifadhi udongo Aprili 1935 vumbi la mashamba likiwa hewani, na walifanya vizuri.

Ila haraka hiyohiyo ikiwa na dawa isiyofaa inaumiza watu. Milima ya Uluguru kule Morogoro, miaka ya 50, wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye udongo wa juu ambao ni mwembamba, ule wa chini usio na rutuba ukafukuliwa ukaja juu, mazao yakadhoofika, watu wakachoka na 1955 zikatokea ghasia. Waliambiwa wavivu, kumbe mwenye jembe alishaona kabla ya mtaalam. Na jasho lile la kuchimba nani aliwarudishia?

Ndo maana mi sioni ubaya wa kugawa hatua zenyewe. Kuacha mabua shambani, kutandaza majani, kupanda mazao yanayofunika ardhi, hayo yaanze hata leo, ukikosea hasara yake ni ndogo na mwakani unabadilisha. Lakini kuchimba mteremko mzima, kuhamisha watu, kupiga marufuku kilimo sehemu fulani, hapo nataka nione kipimo cha mteremko huohuo, na mwenye shamba aulizwe maji yanapita wapi mvua kubwa ikipiga, maana yeye huwa yupo siku tangi linafurika.