Nikisema naenda kuzamia wananiuliza meli inaenda wapi

Jamani mi nina ugomvi na hii lugha yetu. Juzi pale Gerezani kwenye kibanda changu cha spea nikawaambia washkaji mwezi wa kumi na mbili naenda kuzamia, wote kimya, alafu mmoja akanivuta pembeni kwa upole kabisa, kaka kwani biashara imekua mbaya kiasi hicho? Na watoto unamwachia nani? Mwingine keshaanza kunielekeza meli za Durban zinapakia wapi na mkate ubebe mingapi. Ikabidi nifafanue, sio kuzamia kwa kujificha kwenye meli, ni kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni na mapezi miguuni, yaani natoa hela yangu, nashuka chini ya bahari, naangalia samaki, sivui hata mmoja, napanda. Hapo ndo wakacheka sasa. Bora wangeendelea kunionea huruma.

Chanzo ni mama watoto. Kikoba chao kimevunjwa, kapata mgao wa maana, na badala ya kununua makochi kama wenzake kasema Desemba hii hakuna cha Dodoma wala Tanga, tunaenda kupiga mbizi. Ye sawa, mtu wa Tanga, kazaliwa anasikia mawimbi. Mi Mgogo jamani. Maji mengi niliyowahi kuingia ni bwawa la Hombolo, na niliishia magotini tena nilikua namfata ng'ombe.

Kazi ya kuchagua sehemu akanipa mimi, eti we ndo baba wa nyumba. Sasa wenzangu wanachagua kwa aina ya samaki, rangi ya matumbawe, ndani ya maji unaona umbali gani. Mi nilikua natafuta kitu kimoja tu, kina kifupi.

Nikaanza na Pemba maana kila mzamiaji unayemgusa anakuambia Pemba Pemba, kuna kuta za matumbawe zinashuka wima, Misali, sijui Njao. Kumbe sifa ya ukuta ni kwamba chini hakuna sakafu. Mkondo ule kati ya Pemba na bara una kina kinapita mita mia saba! Mi nikidondosha nati ya injini kwenye mtaro wa Gerezani siioni tena, sa nikidondoka mimi mwenyewe mita mia saba nani ananitafuta? Pemba nikafuta.

Unguja kuna Mnemba, kasa wapo, pomboo wapo, ila picha nilizoona boti zimejazana kama daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni. Nikasema hapana, foleni naiacha Dar naikuta baharini? Ila mjini Unguja kuna meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, Wajerumani waliipiga 1914 ikazama, na mabaki yake yapo chini mpaka leo. Kitu cha chuma hicho kidogo moyo wangu ukacheza. Alafu ndo nikasikia habari ya Misri, Bahari ya Shamu, kuna meli inaitwa Thistlegorm, ililipuliwa na ndege 1941 na mpaka leo ndani kuna mapikipiki, malori, mpaka vichwa vya treni pembeni. Nikamwambia wife mama, hii ndo likizo, unajua spea za 1941 zilivyo ngumu kupata? Akaniuliza iko mita ngapi. Nikaangalia. Thelathini. Nikafunga simu taratibu.

Maldivi wala sikukaa nayo. Viza wanakupa ukifika uwanjani, safi, lakini nchi nzima sehemu ya asili iliyo juu kabisa haifiki mita mbili na nusu kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Dodoma ukimpeleka sehemu kama hiyo usiku anakaa macho.

Alafu nikampigia mwalimu mmoja wa kuzamia ili anipe mwanga, akanipa giza. Anasema cheti cha kwanza unaruhusiwa mpaka mita 18, ukitaka kuonja tu bila cheti mwisho mita 12. Nikamuuliza hamna kifurushi cha mita moja na nusu? Akadhani natania. Kila mita kumi unazoshuka presha inaongezeka kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo masikio lazima uyazibue kwa kubana pua na kupuliza. Mi nikipita Kitonga na basi tu masikio yanaziba mpaka Iringa mjini, na pale niko kwenye siti natafuna karanga! Anasema tena usibane pumzi hata sekunde. Kaka, mi nikiogopa kitu cha kwanza ni kubana pumzi. Nikamuuliza je nikichafukwa, akajibu bila wasiwasi, tapikia humohumo kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, inapitisha, utaona samaki wanakuja. Yaani hiyo ndo huduma.

Na ukimaliza mbizi zako usipande ndege mpaka yapite masaa 18, maana naitrojeni imeingia kwenye damu kama gesi ya soda, ukipanda juu haraka inafumka. Mi soda ya kawaida tu inanisumbua. Juu ya hayo wanakupa fomu ya afya, mapafu, moyo, masikio, presha, sinasi, ukijibu ndiyo kwenye baadhi ya maswali utafute daktari akusainie. Nilivyoisoma nikajigundua na magonjwa matatu mapya.

Bei sasa. Kiingilio cha hifadhi mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni, hapo nikapumua, ila mtungi wenyewe hauangalii uraia, dola ni dola.

Nikakaribia kukata tamaa mpaka nikafika Mafia. Kisiwa chetu wenyewe, hifadhi ya bahari tangu 1995, na kuanzia Oktoba mpaka Februari huko pwani ya Kilindoni anakuja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na mnyama mwenyewe anakula vijidudu vya majini na visamaki vidogo tu, hana habari na Mgogo. Kilichonimaliza ni hiki, huyu haonwi kwa mtungi, anaogelea juujuu, unavaa miwani na snorkeli, ule mrija wa kupumulia, basi! Kina sifuri! Nikatamba kwa wife nyumba nzima, nimepata, nimepata, nikaweka na advansi hapohapo kabla akili haijarudi.

Ye akaniangalia vile wanavyoangaliaga watu wa Tanga. Akasema mume wangu, unajua unamwonaje? Boti inaenda mpaka alipo, nahodha anasema ruka, na we unaruka, katikati ya bahari. Wengi wa Mafia ni vijana bado, mita sita saba hivi. Kijana mrefu kuliko Hiace na bado anakua!

Nikajaribu kugeuza. Nikamwambia kwani tusiende tu kwa mama yako Tanga, maji ya bamvua yakitoka yule mzee anajifunga kanga kiunoni anatembea juu ya matumbawe kwa miguu yake, anaona kila kitu, na anarudi na pweza wa mchuzi, wapi umewahi kuona mzamiaji anarudi na kitoweo? Akasema advansi hairudishwi, na kuogelea utajifunza.

Sa hivi Jumamosi ya tatu naenda kwenye bwawa la hoteli fulani huku Mbezi, darasa la wanaoanza. Tuko saba, mimi na watoto sita wa chekechea, wana maboya yenye picha za bata, mi langu wamekosa saizi. Juzi katoto kamoja kakanishika mkono kakaniambia babu usilie, ni maji tu yameingia puani. Nina miaka 43. Kuelea nimefikisha dakika tatu, ila mwalimu amekataa kuziandika, anasema kidole gumba cha mguu kilikua kimegusa chini muda wote.