Feni Yangu Inatikisa Kichwa Tu

Mimi ni mtu mpole. Waulizeni wanaovuka nami feri ya Likoni kila alfajiri: nakanyagwa vidole, napigwa kiwiko cha mbavu, halafu ni mimi ninayesema "samahani". Lakini kuna duka moja la mtandaoni limenifanya nianze kusema peke yangu bafuni, na mama watoto amenisikia.

Chanzo ni joto. Nyinyi wa bara mnakuja Mombasa Disemba mnaota jua ufuoni, mnarudi kwenu. Njooni Machi, kaskazi imechoka na kusi haijafika, mlale chini ya mabati. Ukigeuka, shuka linageuka nawe. Mama watoto akaniambia, "Baba Rehema, ama feni ama mimi naenda kulala kwa mamangu Kilifi." Nikapiga hesabu. Feni ni shilingi 3,850. Kumrudisha mtu kutoka Kilifi ni nauli, kilo mbili za nyama na kikao cha wazee. Feni ikashinda.

Nikaiona kwenye simu. Feni ya kusimama, nyeusi, mapanga matano, kasi tatu, na pichani kuna dada amekaa mbele yake nywele zinapepea hadi mimi mwenyewe nikahisi ubaridi. Nikaandika: "Ipo?" Haikupita dakika. "Ipo dia." "Inafanya kazi vizuri?" "Sana kipenzi." "Ina waranti?" "Mwaka mzima, roho yangu."

Jamani. Nina miaka 14 ndani ya ndoa, sijawahi kuitwa roho ya mtu. Nikalipa papo hapo.

Pesa ilipoingia, mapenzi yakatoka. Ujumbe uliofuata ulisema: "Mteja, subiri boda." Boda naye alipofika kivukoni akasema yeye havuki, nauli yake imeishia upande wa mjini. Nikavuka mimi, kwa miguu maana hiyo ni bure, nikarudi na boksi kichwani katikati ya umati, huku jamaa wa nyuma akiniuliza kama ndani kuna vifaranga, maana anasikia kitu kinachakarika. Ile ilikuwa dalili, lakini mtu aliyeitwa roho yangu hasikii dalili.

Nyumbani tukaiunga, kila mtu na bisibisi yake. Boksi nikalitupa nyuma ya jiko. Watoto wakajipanga sakafuni mbele yake kama wanasubiri sinema. Nikabonyeza moja. Ikanguruma. Nikabonyeza mbili. Ikanguruma zaidi. Nikabonyeza tatu, ndipo ikaanza kugeuka kulia, kushoto, kulia, kushoto, polepole, kwa heshima zote, na mapanga yake yametulia tuli. Yaani shingo inafanya kazi, upepo hakuna. Imesimama pale sebuleni inatutikisia kichwa, kama mjomba uliyemwomba mkopo.

Mama watoto akachukua kijiti cha mshikaki, akakipitisha kwenye wavu, akasukuma panga moja. Feni ikashtuka, ikazunguka vizuri kabisa. Tukashangilia. Ukiizima, umerudi kwenye kijiti. Sasa fikiria saa nane za usiku stima imepotea na kurudi, nani anaamka kutafuta kijiti cha mshikaki gizani?

Nikawaandikia duka. Tiki mbili za buluu, kimya. Siku ya pili wakajibu, "Labda stima ya kwenu ni dhaifu." Stima hiyohiyo inaendesha friji, redio na pasi ya jirani aliyejiunganishia. Wakauliza, "Ulirekodi video ukifungua boksi?" Nirekodi video kwani nilikuwa nafungua boksi au nafunga ndoa? Nikawakumbusha waranti. Wakasema waranti ipo, ila haihusu mota, waya, swichi wala mapanga. Nikauliza basi inahusu nini. "Kitako." Wallahi hivyo ndivyo walivyoandika. Na mwisho wakanielekeza chini kabisa ya risiti, kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Shemeji akanishauri nitume ule ujumbe wa malipo kwa 456 pesa ya M-Pesa irudishwe. Nikamwambia hiyo ni ya aliyekosea namba. Mimi namba sikukosea, nilikosea mtu.

Nikaenda kwa fundi. Hata kuigusa hakuigusa, akasikiliza mngurumo tu, akasema, "Kapasita hiyo. Ndiyo inayoipa mota ya mapanga msukumo wa kuanza. Shilingi 200 nakuwekea nyingine." Nikafurahi. Akaongeza, "Lakini nikifungua hii skrubu yenye kibandiko, waranti imekufa." Kwa hiyo mfukoni nina mia mbili za kuitengeneza, na haki ya kutoitengeneza. Nikarudi nayo nyumbani, nayo njia nzima kwenye tuktuk inatikisa kichwa, hata stima haina.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja pale barazani kwetu, kwenye kahawa chungu. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na ukimpa kashata moja anakupa vifungu viwili. Nikampa tatu.

"Katiba ya 2010, Ibara ya 46," akaanza, akiinama kama anataja siri. "Mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara." Mimi Katiba naijua kwa ugatuzi na maandamano, sikujua imeingia hadi kwenye feni. Akatafuna. "Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, kifungu cha 5. Anayeuza anahesabiwa ameahidi kitu kinachofaa kuuzwa, apende asipende, na maneno yoyote ya kukunyang'anya ahadi hiyo ni batili." Yale mayai ya chawa? "Batili." Akanywa. "Tena hilo la ubora si jipya, limo kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa tangu 1931." Mwaka 1931! Babu yangu alikuwa anapepewa kwa kipepeo cha ukindu, na tayari sheria ilikuwa imekaa inaisubiri feni yangu.

Akanielekeza Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyoanza kazi 2021. Wakili si lazima, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, na inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hapo nikaona haya. Mimi nadai 3,850, si nitachekwa? Mzee akasema, "Sheria imetaja dari, haikutaja sakafu." Sawa, lakini siku 60 kutoka Machi ni Mei, mvua za masika zinamwagika. Nitakabidhiwa feni nimejifunika blanketi.

Hata hivyo usiku ule nikaandika. Ibara nikaiweka, kifungu nikakiweka, 1931 nayo nikaiweka japo mzee alisema si lazima. Nikamaliza: nataka feni nzima au pesa zangu ndani ya siku 14, la sivyo tutaonana mahakamani. Nikabonyeza, nikairusha simu kitandani kama imeshika moto.

Dakika tatu.

"Habari za usiku roho yangu."

Mapenzi yamerudi! Eti kulikuwa na kutoelewana kidogo, eti wao wanajali wateja, eti watanibadilishia bila shida yoyote kipenzi. Sharti ni moja tu: feni irudi ndani ya siku saba, ndani ya boksi lake la asili.

Nikaenda nyuma ya jiko na tochi. Boksi lipo. Ndani yake amekaa kuku wa mama, amejitanua kama mkeka, ananiangalia kwa jicho moja. Chini yake mayai kumi na moja.

"Mama, nalitaka hili boksi."

"Boksi lipi?"

"Hili la kuku."

Mama akaniangalia vile alivyoniangalia nilipofeli darasa la nane. "Mwanangu, kuku akishaatamia hahamishwi."

Yai la kuku ni siku 21, na leo kuku ana siku ya nane. Duka limenipa saba. Nimempiga picha kuku, nikawatumia pamoja na ombi la kuongezewa wiki moja. Tiki mbili, buluu. Wameuliza kama nina video yake akiingia.