Nyenje wa Rondo na mbegu za Novemba

Oktoba ikifika, huku chini ya uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi, gumzo la kijiweni ni lile lile: nyenje wameanza kulia, tupande? Wazee wanasema mvua i njiani. Maofisa ugani wanasema tusubiri utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa msimu wa Novemba hadi Aprili. Mimi niliwahi kumfuata nyenje. Alilia, nikapanda mahindi ekari nzima, jua likawaka wiki tatu. Mbegu zote zikaharibika.

Hata hivyo siwezi kusema wazee wanakosea tu. Mtazame mdudu mwenyewe. Akiwa tunutu, yaani mchanga asiye na mabawa, nyenje huishi ardhini muda mrefu, mrija wake ukiwa umechomekwa kwenye mzizi, akinyonya maji yanayopanda mtini. Siku yake ikitimia hupanda shina usiku, ngozi hupasuka mgongoni, na asubuhi unakuta ganda la kahawia limeng'ang'ania gome, kucha zimekaza, pale palipokuwa na macho pameng'aa kama kioo. Dume ndiye anayelia, kwa viwambo viwili vya tumboni. Wiki chache tu, amekufa.

Mwaka 2000 mtafiti Richard Karban wa California alieleza jaribio lake na nyenje wa Marekani, wale wanaokaa ardhini miaka 17. Aliwaweka matunutu kwenye mipichi iliyofanywa ichanue mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Wakatoka mwaka mmoja mapema. Kumbe walikuwa wakihesabu mizunguko ya mti! Nyenje wetu ni wa aina nyingine, lakini nao hula mizizini vile vile. Na miti mingi ya miombo huchipua majani mapya Septemba na Oktoba, kabla tone halijaanguka.

Nadhani hapo ndipo penye ukweli wa wazee: msitu unaamka, na nyenje anaamka nao. Tatizo ni kwamba mti una mizizi mirefu na akiba ya maji, unaweza kuchipua ukaingoja mvua mwezi mzima. Punje ya mahindi haina akiba hiyo. Kilio cha nyenje kinatuambia msimu umekaribia, hakitutajii siku.

Maofisa ugani nao wasimpuuze. Utabiri wa msimu unazungumzia eneo kubwa, haulijui bonde langu. Nyenje anatoka hapa hapa, kwenye mizizi ya miti tunayoiona. Ndiyo maana naumia kila mvule unapoangushwa: tunutu aliye chini yake anabaki na mzizi unaokauka.

Siku hizi, wakianza kulia, nashika panga na jembe nasafisha shamba, nanunua mbegu, nazifungia kwenye debe. Mvua ikinyesha nachimba. Udongo usipolowa hadi kina cha kiganja, debe halifunguliwi.